Seti ya sola ya wati 150 Lubumbashi: ihesabu kwa mawingu ya Januari

Seti hii utaikuta karibu kila duka la vifaa vya umeme, kuanzia katikati ya mji hadi soko la mtaa wa Kenya na mitaa ya Katuba na Ruashi: paneli moja ya wati 150, betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, regulata ya ampea 20 (kifaa kinachosimamia kuchaji na kuilinda betri isiishe kabisa), konvetisa iliyoandikwa wati 500 (inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), balbu 5 za LED za wati 7 kila moja, na rola ya waya. Chapa ni nyingi, ila muundo ni uleule, kwa hiyo tathmini hii inahusu muundo wenyewe na si kampuni moja. Bei hatuziandiki, maana zinapanda na kushuka pamoja na dola.

Ukiuliza watu, utapata majibu mawili yasiyokutana. Mmoja atakuambia tangu afunge sola delestaji, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, haimhusu tena, na kwamba mwezi ujao ataongeza frigo. Mwingine atakuambia sola ni njia ya kula pesa za watu, balbu zinazimika saa 2 usiku, afadhali mshumaa. Mara nyingi wanazungumzia seti ileile. Tofauti ni kwamba wa kwanza alinunua Julai na wa pili anaongea Januari. Kila mmoja ameangalia anga la siku yake akaamini kwamba mwaka mzima utakuwa hivyo.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa la kupanga: mtu anapokadiria kazi yake huifikiria itakavyokwenda mambo yakiwa sawa, bila kuangalia kazi kama hiyo ilivyokwenda kwa wengine. Mwaka 1980 Neil Weinstein aliwauliza wanafunzi wa chuo Marekani walinganishe bahati yao na ya wenzao, na kwa wastani walijiona wako karibu zaidi na mema, na mbali zaidi na mabaya, kuliko wenzao. Mnunuzi wa sola hufanya hivyohivyo. Anaona betri ya jirani imekufa, anasema jirani hajui kutunza, kisha anafunga seti ileile kwa namna ileile.

Basi tuiweke seti hii kwenye hesabu, kwanza ya jua zuri, halafu ya jua baya.

Wati 150 zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kiwandani, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Lubumbashi saa 7 mchana seli zinapita nyuzi 55. Isitoshe, regulata ya bei nafuu inayokuja na seti (aina ya PWM) inaivuta volti ya paneli hadi kwenye volti ya betri. Paneli inatoa ampea 8.3 hivi, ukizidisha kwa volti 13 unapata wati 108. Toa kidogo kwa ajili ya vumbi na waya, hesabu wati 100. Hiyo ndiyo paneli yako halisi, na hakuna aliyekudanganya hapo. Ndivyo vifaa hivi vinavyofanya kazi.

Katika kiangazi, Mei hadi Septemba, anga la Katanga liko wazi na siku moja inakupa jua linalolingana na saa 6 hivi za jua kamili. Wati 100 mara saa 6 ni wati-saa 600. Betri ya risasi hairudishi kila unachoitia. Hesabu kama asilimia 83. Unabaki na wati-saa 500 kwa siku. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua ikiwepo, wastani unashuka hadi saa 4 na nusu: wati-saa 373. Siku ya mawingu mazito, ile ambayo mvua inaanza asubuhi na taa za magari zinawaka mchana, unaweza kupata saa 2 tu: wati-saa 166.

Sasa matumizi ya nyumba ya kawaida. Balbu 5 za wati 7 kwa saa 5, zikiunganishwa moja kwa moja na volti 12: wati-saa 175. Televisheni ya inchi 32 na dekoda yake, wati 57 pamoja, kwa saa 3: wati-saa 171. Simu 4 au 5: wati-saa 60. Televisheni na simu zinapita kwenye konvetisa inayopoteza kama asilimia 15, kwa hiyo kutoka kwenye betri zinachukua 272. Konvetisa yenyewe ikiwa imewashwa tu, hata bila kitu, inakula wati 10 hivi. Kwa saa 4 ni 40. Jumla: wati-saa 487.

Julai unaingiza 500 na kutoa 487. Inatosha, kwa shida. Hapo ndipo furaha yote ya wanunuzi wa Julai ilipo: kwenye wati-saa 13 za ziada.

Januari, kwa wastani, unakosa wati-saa 114 kila siku. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ya risasi hupaswi kuitumia zaidi ya nusu, yaani 600. Ukianza na betri iliyojaa, nusu hiyo inaisha baada ya siku 5. Zikija siku za mawingu mazito mfululizo, inaisha kabla ya siku ya pili kwisha. Anayelalamika Januari ana haki ya kulalamika. Kosa lake ni kusema seti haifai kitu, wakati kinachopungua kinajulikana na kinaweza kununuliwa.

Kinachopungua ni paneli. Hili ndilo kosa kubwa la seti hii na tunalisema wazi: betri kubwa imeoanishwa na paneli ndogo. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 inataka kuchajiwa kwa ampea 10 hadi 20. Hapa inapata 8. Ikishuka hadi nusu, hata siku nzima ya Julai haitoshi kuijaza kabisa, maana mwisho wa kuchaji huwa polepole. Betri inayokaa wiki kadhaa bila kujaa inajengeka salfeti ngumu kwenye bamba zake, na uwezo wake unapungua kila mwezi. Wauzaji wanajua kwamba mteja anavutiwa na betri nzito. «Mama, na betri kama hii frigo itatembea usiku mzima.» Haitatembea. Frigo ndogo inaweza kula wati-saa 600 au zaidi kwa siku, na mota yake ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Konvetisa ya seti hii italia na kuzima. Pasi ya umeme, usijaribu.

Ongeza paneli ya pili ya wati 150, iunganishwe sambamba na ya kwanza. Regulata ya ampea 20 inaibeba. Wastani wa Januari unakuwa wati-saa 746, unatosha na kuzidi. Siku ya mawingu mazito unapata 332, pengo la 155, na nusu ya betri inakupeleka karibu siku 4. Paneli ya pili kwa kawaida ni rahisi kuliko betri ya pili, tena betri ya pili bila paneli inaongeza tu kitu kisichojaa. Kama pesa ni za seti moja tu, mwambie muuzaji akupe betri ya ampea-saa 60 au 70 na paneli mbili. Atashangaa. Shikilia hapohapo.

Sasa kile kitu kinachowachanganya wenye matumaini na wenye hofu kwa pamoja: vitaa 3 vya regulata. Vinasoma volti ya wakati huohuo, basi. Saa 9 alasiri paneli inasukuma, volti inasoma 14, vitaa vyote vinawaka kijani, na mwenye nyumba anawaita watoto wafungulie televisheni na redio pamoja. Betri huenda iko robo tatu tu. Saa 3 usiku televisheni inavuta, volti inashuka, kitaa chekundu kinawaka, na jirani yake mwoga anazima kila kitu na kukaa gizani, huku betri yake ikiwa na zaidi ya nusu. Kitaa kilekile kimempa mmoja matumaini yasiyo na msingi, na mwingine hofu isiyo na msingi.

Nunua multimeta, kifaa cha kupima volti na ampea. Zile ndogo za manjano zinatosha. Pima alfajiri kabla jua halijatoka, konvetisa imezimwa na balbu zimezimwa, betri ikiwa imepumzika angalau saa 2. Weka kwenye volti za DC, kipimo cha 20, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na huo ndio mpaka wako. 12.0 ni robo. 11.8 imekwisha, na kila asubuhi unayoikuta hapo unakata maisha yake. Betri za gel zikijaa zinasoma juu kidogo, 12.8 au 12.9. Andika namba hiyo kwenye daftari kila asubuhi wakati wa mvua. Ikishuka siku 3 mfululizo, punguza televisheni kwa saa moja, ikipanda, rudisha.

Mwenye hofu naye ana hasara yake, ingawa watu hawaioni. Anayetumia wati-saa 200 tu Julai «ili kutunza betri» hatunzi chochote. Betri inajaa mapema mchana, regulata inafunga, na wati-saa 300 ambazo paneli ingeweza kuzitoa hazichukuliwi na mtu. Kiangazi, saa 6 mchana hadi saa 9, ndio wakati wa kuchaji simu, taa za mkononi, redio na kompyuta, hata za jirani. Kujinyima Julai hakukuwekei akiba ya Januari; betri haishiki miezi 6.

Lakini hofu yenye mpango ni kitu kingine, na hapa tunawatetea watu wanaoitwa wagumu wa kuamini. Julie Norem na Nancy Cantor walionyesha mwaka 1986 kwamba kuna watu wanaotarajia mabaya, wanayafikiria moja baada ya jingine, wanajiandaa, na wanafanya vizuri sawa na wenye matumaini. Mteja anayeuliza dukani «ikiharibika itaharibikia wapi?» ndiye mteja wa namna hiyo, na seti hii inamhitaji. Inaharibikia mahali panapojulikana.

Inaharibikia kwanza kwenye konvetisa. Mafundi wengi wanaifunga moja kwa moja kwenye betri, na kwa wati 500 hakuna njia nyingine, kwani regulata haiwezi kubeba ampea 42. Matokeo yake ulinzi wa regulata unarukwa. Konvetisa inaanza kulia kwenye volti 10.5 hivi na kuzima kwenye 10. Kwa betri ya risasi hapo ni kama kaburini. Ukitumia nusu tu ya betri, kwa kawaida unapata mizunguko 500 hivi ya kuitumia na kuijaza tena. Ukiimaliza kila usiku, unaweza usifike 300. Kwa hiyo anayezima ni wewe, kwa multimeta, si konvetisa. Na usiiache imewashwa mchana kutwa na usiku kucha: wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240, karibu nusu ya mavuno ya Julai, bila kuwasha kitu. Zile wati 500 pia ni za kilele. Kwa kuendelea hesabu 250.

Kisha waya. Huu ni mji wa shaba, na bado rola ya waya iliyomo kwenye seti mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu: ukiona nyeupe ndani, iweke kwa balbu tu. Kati ya betri na konvetisa weka waya wa shaba wa milimita za mraba 10, usiozidi mita moja na nusu. Ukiweka wa 2.5, kwenye ampea 42 unapoteza karibu volti 0.9, konvetisa italia mapema ukidhani betri imekwisha, na waya utakuwa moto mkononi. Fyuzi ya ampea 60 ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Seti hii haiji nayo. Bila fyuzi, waya uliochunika unaweza kuwasha nyumba, kwa kuwa betri hii inatoa mamia ya ampea kwa sekunde chache.

Mpangilio wa kuunganisha: betri kwenye regulata kwanza, halafu paneli, mwisho balbu. Kufungua ni kinyume chake. Regulata inatambua kama ni mfumo wa volti 12 au 24 kwa kusoma betri; ukianza na paneli unaipa volti 21 au 22 peke yake, na nyingine zinakufa hapohapo.

Paneli ielekee kaskazini, mwinuko wa nyuzi 12 hadi 15, kwa sababu Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari jua la adhuhuri linakuwa utosini. Desemba linaegemea kusini kidogo. Ila katika kiangazi liko kaskazini, na mwinuko huo pia unasaidia mvua kuosha kioo. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati, hewa ipite. Angalia mwembe. Kivuli cha tawi moja kwenye seli moja kinaweza kuchukua nusu ya paneli, kwani seli zimeungwa mfululizo. Kiangazi vumbi jekundu linakaa, na Agosti na Septemba unaongezeka moshi wa vichaka vinavyochomwa; osha kila wiki 2 kwa maji na kitambaa laini, asubuhi, kioo kikiwa baridi.

Kuhusu bandia. Betri ya kweli ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo 27 hadi 32. Yenye kilo 18 haina ampea-saa 100, hata kama imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi inatosha kabisa. Jihadhari na betri ya gari iliyobandikwa karatasi ya sola: bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini, hazivumilii kushushwa kila usiku. Ukishainunua, jaribio la nyumbani ni hili: ijaze, iache ipumzike, washa balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55 kwa saa 10, zima, subiri saa 2, pima. Betri nzima itasoma 12.2 au zaidi. Ikisoma 11.9, irudishe siku hiyohiyo.

Paneli nayo ipimwe kwa futi. Paneli ya wati 150 ya kawaida ina karibu mita moja ya mraba. Iliyo chini ya mita 0.6 haiwezi kutoa wati hizo. Ukiwa na multimeta yenye kipimo cha ampea 10, iweke juani adhuhuri: volti bila mzigo 21 hadi 22, ampea za mzunguko mfupi 8 hadi 9. Muuzaji mwaminifu hatakukataza, jaribio hilo haliiumizi paneli.

Betri za lithiamu za LiFePO4 zimeanza kuonekana madukani. Unaitumia asilimia 80 bila kuiumiza, inadumu mizunguko 2,000 na zaidi, na ina kilo 10 hadi 13 tu, kwa hiyo kipimo cha uzito cha hapo juu usikitumie kwake. Hakikisha regulata ina mpangilio wa lithiamu. Bei yake ni mzigo wa mara moja, lakini kwa anayebaki kwenye nyumba hiyo miaka 5, tungeichagua.

Kama ilivyo dukani, seti hii tunaipa 5 kati ya 10. Ikiongezwa paneli ya pili, waya wa 10, fyuzi na multimeta, inafika 8: taa, simu na televisheni mwaka mzima, mvua na kiangazi. Kwa frigo, mashine ya kushonea ya umeme ya siku nzima au saluni, hata ikiongezwa hivyo, haifai.

Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye faktura uzito wa betri baada ya kuipima mbele yako, volti yake, urefu na upana wa paneli, na garanti ya betri kwa miezi, pamoja na anachokiita uharibifu unaofidiwa. Kama garanti inaanza Julai na ni ya miezi 6, mwombe aisogeze hadi mwisho wa Machi.